Siena na mama mwenye magoti mabaya: lango lenye maandishi ya moyo ni lipi, na tuingilie wapi?

Kashai_84

Habari za leo ndugu zangu. Naomba msaada kwa wenye kuijua Siena.

Mama yangu amekuja kunitembelea hapa Firenze kutoka Bukoba. Ana miaka 71, na ni mara yake ya kwanza kutoka nje ya Tanzania. Tangu ashuke kwenye ndege ana ombi moja tu: afike kwa Mtakatifu Katarina wa Siena, kwa kuwa ndilo jina lake la ubatizo. Rozari ameishika mkononi safari nzima, hata kwenye foleni ya uhamiaji. Kwa hiyo Jumamosi ijayo tunakwenda.

Mimi nina haja yangu pia. Nilisoma seminari ndogo, na padri aliyetufundisha Kilatini alikuwa amebandika kadi ya posta pembeni mwa ubao, picha ya lango la mji lenye maandishi juu ya tao. Kila Jumatatu asubuhi alimsimamisha mmoja wetu aisome: COR MAGIS TIBI SENA PANDIT. Tulikuwa na miaka kumi na minne, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona mji wenye ukuta. Zamu yangu ilipofika niliandika "Moyo zaidi kwako Siena anafungua". Padri alisoma, akanirudishia daftari, akasema, "Maneno umeyaleta yote. Sasa kalete maana." Sikuileta. Muhula uliisha, mwaka ukaisha, na sasa padri mwenyewe ametangulia mbele ya haki. Kadi ile sijui iliishia wapi.

Nimekaa Firenze miaka mitatu, treni ya Siena naiona kila siku kwenye ubao wa stesheni, na sijawahi kupanda. Nadhani nilikuwa namsubiri mama.

Maswali yangu ni haya. Lango lile ndilo Porta Camollia la upande wa kaskazini, au ni Porta Romana? Maana picha mtandaoni zinachanganya. Je, ni lango la zama za kati kweli? Mahali fulani nimesoma kwamba maandishi ni ya 1604, nikavunjika moyo kidogo. Kuna kiingilio? Na kubwa kuliko yote, magoti ya mama. Kwenye tambarare anatembea vizuri, polepole, lakini mlima humwumiza na mteremko humwumiza zaidi. Nasikia Siena yote ni milima. Tupande basi au treni?

Natanguliza shukrani.

BintiPangani

Kaka, kwanza msalimie mama, mwambie shikamoo yangu. Nimeishi Siena miaka kumi na moja, na saba kati ya hiyo nilimtunza bibi mmoja aliyekuwa akiishi Via Camollia, hatua chache kutoka kwenye lango unaloliulizia. Kwa hiyo hapo umegonga mlango wenyewe.

Ndiyo, ni Porta Camollia. Kiingilio hakuna, ni njia ya watu, hata usiku wa manane unapita.

Usije kwa basi. Najua basi la kutoka Firenze ni la haraka na linakushusha pazuri, Piazza Gramsci, lakini pale umeshakuwa ndani ya ukuta. Wageni wengi wa siku moja wanashuka hapo, wanakwenda Piazza del Campo, uwanja mkuu wa mji, wanarudi hapo hapo, na hawakupita lango hata moja. Unaingia mji wa watu kama uliyeshushwa ukumbini bila kubisha hodi! Njoo kwa treni. Ni kama saa moja na nusu, nyingine unabadilisha Empoli, kwa hiyo angalia kabla ya kukata tiketi. Tiketi ya karatasi usisahau kuigonga kwenye mashine kabla ya kupanda.

Stesheni iko chini bondeni, na hapo ndipo wengi wanakata tamaa kwa kuutazama mlima. Vuka barabara, ingia kwenye jengo la maduka lililo mbele ya stesheni, fuata ngazi za umeme. Ni nyingi, moja baada ya nyingine, mpaka unajiuliza zitaisha lini, lakini mama atakuwa amesimama tu, zinampandisha zenyewe. Mwisho wake mnatokea juu, nje ya mji, kwenye barabara pana inayoelekea langoni. Kutoka hapo ni mwendo mfupi usio na mlima wa kutisha. Chukueni kigoda cha kukunja. Nasema hivi kwa uzoefu: bibi yangu nilikuwa namwendea na kigoda begani kila siku, na kile kigoda ndicho kilichotufikisha mahali ambapo dawa za maumivu zisingetufikisha.

Sasa sikiliza vizuri. Mkitokea pale juu mtaona tao kubwa la matofali karibu nanyi. Hilo silo. Hilo ni Antiporto, lango la mbele, lilijengwa kukinga lango lenyewe. Watu wanapiga picha hapo, wanatafuta maandishi, hawayaoni, wanaondoka wakisema yamefutika. Endeleeni kuelekea mjini. Njiani kuna nguzo ya mawe imesimama peke yake. Simameni hapo mama apumzike, na umsimulie kwamba mwaka 1452, mahali hapo, Mfalme Frederick III wa Ujerumani alikutana kwa mara ya kwanza na mchumba wake Eleonora, binti wa mfalme wa Ureno. Aliyewakutanisha alikuwa askofu wa Siena, Enea Silvio Piccolomini, ambaye baadaye akawa Papa Pius II. Ukiingia maktaba ya Piccolomini ndani ya Kanisa Kuu utaikuta siku hiyo imechorwa ukutani na Pinturicchio, na nyuma ya watu unaiona nguzo na lango la Camollia. Na Pinturicchio mwenyewe, aliyefariki 1513, amezikwa katika kanisa dogo la mtaa wa Istrice, yaani Nungunungu, humo humo ndani ya Camollia. Alilichora lango, akalala karibu nalo.

Halafu lango. Juu ya tao, kwa upande wa nje, ndipo penye maandishi yako, na juu yake nembo ya ukoo wa Medici, watawala wa Firenze. Itazame hiyo nembo kabla ya kusoma maneno, maana ndiyo ufunguo wa swali lako la 1604.

Mahali pamekuwa na lango tangu zama za kati, na ukuta unaoliunga ni wa zama hizo. Sura unayoiona ni ya 1604. Usivunjike moyo. Kwangu mimi mwaka huo ndio unaolifanya lango hili lizungumze. Mwezi Julai 1526 majeshi ya Firenze na ya Papa Clement VII, aliyekuwa mtu wa ukoo wa Medici, yalipiga kambi nje ya Camollia kuja kuuteka mji. Wasiena wakatoka, wakawapiga wakakimbia. Mpaka leo wanaikumbuka. Januari 1554 wakaja tena, safari hii Cosimo de' Medici pamoja na Kaisari Charles V, na usiku wakaziteka ngome zilizokuwa nje ya lango hili hili. Mji ukazingirwa mpaka Aprili 1555. Watu walikula punda, paka, na walipokwisha wakala majani ya ukutani. Halafu Siena ikasalimu amri, na jamhuri iliyodumu karne nyingi ikafa.

Miaka 49 baadaye anatawala Ferdinando, mtoto wa Cosimo. Na kwa heshima yake yeye ndipo yanaandikwa maneno yale juu ya lango. Wewe umesoma Kilatini, mimi nilifundishwa na bibi jikoni, tukimenya viazi: *tibi* ni "kwako wewe", mtu mmoja, si "kwenu". Wewe mmoja huyo alikuwa mtoto wa mtu aliyewalaza watu na njaa. Bibi yangu, akiwa na miaka 90 na kitu, alikuwa bado anapandisha sauti akifika hapo, utadhani habari ya jana.

Lakini sikia na mwisho wa bibi. Kila jioni, kama mvua hainyeshi, tulitoka mpaka nje ya lango, nikamwekea kigoda, akakaa dakika kumi akitazama juu. Halafu tukarudi ndani. Alikuwa hapendi kutembea ndani ya mji tu. Alitaka atoke ili apate kuingia. Siku moja nilimwuliza, kama maneno yaliandikwa kwa ajili ya Medici, kwa nini anayapenda hivyo. Akasema Ferdinando amekufa, mimi ndiye niliyesimama hapa, na kigoda mkononi. Basi *tibi* ni nani? Nilikuwa na mwaka wa pili ugenini, karatasi zangu zilikuwa bado hazijakaa sawa, na sikumbuki kama mtu yeyote alikuwa ameshaniambia neno la namna hiyo katika nchi hii. Nililia palepale, kaka, sioni haya kusema.

Kwa hiyo kwa Kiswahili cha kwetu Pangani mimi naisoma hivi: "Lango nimekufungulia, moyo nimekufungulia zaidi." Padri wako angekubali?

Mkishaingia, fuateni Via Camollia moja kwa moja. Inabadilika jina mara mbili tatu lakini njia ni ile ile, inawafikisha Campo. Kwa mwendo wa mama hesabu nusu saa au zaidi, na kigoda. Barabara imetandikwa mawe bapa. Ikinyesha yanateleza, avae raba. Kabla ya kufika Campo kateni kulia kwenda San Domenico, maana huko ndiko kwenye kichwa cha Mtakatifu Katarina. Mimi ni Mwislamu, lakini Katarina namjua kama anavyojulikana jirani. Alizaliwa 1347, mtoto wa mpaka rangi nguo, katika mtaa wa chini ya kanisa hilo.

Karibuni sana. Nikiwa sina zamu Jumamosi nitawaletea chai na maandazi pale kwenye nguzo.

Frateri_Njiani

Nami niongeze kidogo. Mwaka jana nilitembea kwa miguu siku sita kwenye Via Francigena, njia ya kale ya mahujaji waendao Roma. Askofu mkuu Sigeric wa Canterbury aliipita mwaka 990 akaorodhesha vituo vyake 79, na Siena ni kimojawapo. Hujaji huingia Siena kwa Porta Camollia na kutoka kwa Porta Romana, na ukishaujua mpangilio huo mji wote unauelewa: barabara ile ndefu aliyokuelekeza dada si ya bahati, ni njia ya mahujaji ambayo mji ulijipanga kandokando yake. Ndani kidogo ya Camollia kuna kanisa dogo la mawe, San Pietro alla Magione, lililokuwa la Watempla, yaani watawa wapiganaji wa zama za kati, na walikuwa wakipokea wasafiri. Ingieni mama akae, ndani ni kimya na baridi nzuri.

Ndugu, kama unataka lango la zama za kati lenye sura yake ya zamani, basi ni Porta Romana, la 1327 na 1328. Lile ni zito. Ni malango mawili na ua katikati, adui akivunja la kwanza anajikuta amefungiwa kwenye kisima cha mawe, huku juu wanamsubiri. Juu ya tao kulikuwa na mchoro mkubwa wa Bikira Maria akivikwa taji. Aliyeuanza, Sassetta, aliugua akiwa kazini huko juu kwenye jukwaa, akafariki 1450 kabla ya kuumaliza, na Sano di Pietro ndiye aliyeumaliza. Mabaki yake yamehamishiwa kanisa la San Francesco. Niliposimama chini ya tao tupu nilimwombea fundi yule.

Na kwenye jumba la mji, Palazzo Pubblico, kuna chumba ambacho Ambrogio Lorenzetti alichora 1338 na 1339 mji wenye utawala bora. Ukuta wa mji umepita katikati ya mchoro, na lango liko wazi. Wakulima wanaingia na punda waliobeba magunia, mmoja anaswaga nguruwe, mabwana wanatoka kwenda kuwinda na mwewe. Hakuna anayesukumwa. Hewani, nje kidogo ya ukuta, anaelea mwanamke mwenye mabawa, jina lake Securitas, yaani usalama, na mkono wake mmoja umeshika mti wa kunyongea wenye mtu aliyenyongwa. Nilikaa mbele yake muda mrefu mpaka mlinzi akaja kuniangalia kama ni mzima. Aliyechora alijua kwamba lango wazi lina gharama yake. Kwa magoti ya mama, lakini, jumba hilo lina ngazi. Pima mwenyewe.

Mama akichoka na Siena kabisa, siku nyingine mpeleke Monteriggioni. Ni kijiji kilichozungushiwa ukuta, Wasiena walikijenga kuanzia 1213, na kutoka lango la Firenze mpaka lango la Roma ni dakika chache za tambarare. Kiliangukaje? Kapteni wake alikabidhi funguo kwa adui mwaka 1554. Ukuta ule haukuvunjwa na mtu.

Mvita_Kale

Salaam. Mimi ni mtembeza wageni Mombasa, Siena sijafika, lakini nimesoma maneno ya BintiPangani mara mbili na nina neno la kusema kwa heshima.

Ngome ya Yesu yetu hapa ilichorwa na Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati wa Milano, kwa kazi ya Wareno, ujenzi ukaanza 1593. Kwa hiyo mkono wa Kiitaliano kwenye malango naujua, huwa naupita kila asubuhi. Na juu ya lango letu pia kuna jiwe lenye maandishi, la 1639. Linamsifu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira: kwamba aliwatiisha watu wa pwani, akawatoza ushuru wafalme wao, akaiadhibu Pate na Siyu hata kubomoa kuta za miji yao, akaichapa Pemba. Nawatafsiria wageni jiwe hilo kila siku, na kila siku namwona bibi mzaa bibi yangu wa Siyu amesimama nyuma yangu.

Ndiyo maana maandishi ya juu ya malango siyapendi. Huandikwa na aliyeshinda, au na aliyeshindwa huku amekabwa. Siena haikumfungulia Medici moyo. Ilifunguliwa kwa njaa. Kusema "moyo" pale ni kumfunika marehemu kwa kanga ya harusi. Namheshimu bibi wa Via Camollia, Mungu amrehemu, lakini *tibi* ile ina mwenyewe, na nembo yake ingali juu.

Kaka, ukifika, mwonyeshe mama na hiyo nembo. Usimfiche.

BintiPangani

Kaka Mvita, umesema kweli na sina la kupinga katika habari ya 1604. Jiwe lenu limebaki tusi kwa sababu lilikuja na bunduki na halikumkaribisha mtu. Hili la Siena lilikuwa maneno ya kumbembeleza bwana, lakini neno lenyewe ni la ukarimu, na neno la ukarimu likishatoka mdomoni aliyelisema hana tena uwezo wa kulizuia lisichukuliwe na mwingine. Wasiena wamelichukua. Waandishi wa 1604 hawakuniandikia mimi, najua. Nimelichukua hata hivyo.

Na nikuongezee jambo ambalo bibi alinisimulia mara moja tu, hakurudia. Wakati wa mzingiro chakula kilipopungua, waliokuwa wakiulinda mji waliamua kuwatoa nje wale waliowaita "vinywa visivyo na faida": maskini, wazee, wanawake wengi, hata watoto yatima wa hospitali ya Santa Maria della Scala. Lango likafunguliwa, wakatolewa. Adui akawapiga na kuwarudisha ukutani. Lango lilikuwa limeshafungwa. Wakabaki katikati. Wewe unasema Medici hakustahili neno lile, nami naongeza kwamba hata Siena yenyewe ilikuwa na deni la moyo kwa watu wake. Labda ndiyo sababu bibi alikaa akiyatazama yale maneno kila jioni.

Kashai_84

Tumerudi. Asanteni wote, na dada BintiPangani, maandazi yako mama amenibebesha manne mpaka Firenze, anasema atampelekea jirani yake kule Kashai hata yakikauka.

Ngazi za umeme mama alizihesabu kwa sauti, kwa Kihaya, mtu na mizigo yake akawa anatutabasamia. Tulipotokea juu niliona Antiporto na kwa kweli ningelipiga picha nikaondoka, kama usingeniambia. Kwenye nguzo nilimsimulia habari za Frederick na Eleonora. Mama akataka kujua kama walipendana. Nikasema walioana. Akasema hilo silo alilouliza.

Halafu tukafika. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka mingi, na bado sikuwa tayari kwa udogo wake. Kwenye kadi ya padri lilikuwa lango la mfalme. Kumbe ni tao moja la matofali na mawe meupe, pikipiki inapita, mwanamke anapita na mfuko wa mboga, na juu yake, kwa herufi safi kabisa, maneno yangu. Nilimwekea mama kigoda kando ya njia, nikasimama wima kama Jumatatu asubuhi, nikasoma kwa sauti. Mama akasema, "Sasa niambie kwa lugha ya watu."

Nikamwambia kwa tafsiri yako, dada. Lango nimekufungulia, moyo nimekufungulia zaidi. Kisha nikafanya kama alivyosema kaka Mvita: nikamwonyesha nembo, nikamweleza ni ya nani, na mzingiro, na njaa. Nikamweleza na wale watoto wa hospitali. Sikukusudia kufika huko, lakini ukianza kumweleza mama jambo hakuachi katikati. Alinyamaza. Akatoa rozari, akasali fumbo moja zima pale pale, watu wakipita. Alipomaliza akanipa mkono nimwinue, na tukaingia.

Kwa padri: nadhani maana niliyoikosa ilikuwa kwenye *magis*. Nilikuwa nimeandika "moyo zaidi", kana kwamba moyo ni mwingi. Kumbe zaidi ni ya kipimo, na cha kupimia ni tao lenyewe ulilosimama chini yake, ndiyo maana halitajwi. Huwezi kuitafsiri ukiwa darasani bila lango juu ya kichwa chako. Nimepiga picha, nitaipeleka seminari nikienda likizo, na nitaomba waibandike pembeni mwa ubao.

San Domenico mama alikaa mbele ya Mtakatifu Katarina zaidi ya saa nzima, nami nilitoka nje nikamwacha. Porta Romana hatukufika, wala kwa Lorenzetti. Magoti yalikataa baada ya Campo, tukarudi kwa teksi mpaka stesheni.

Sasa swali jipya, na ni la mama. Kwenye treni aliniamsha akauliza: wale watoto walitolewa kwa lango lile lile tulilopita, au jingine? Nilishindwa kumjibu. Anataka kurudi Jumamosi nyingine kabla ya kuondoka, na anataka afike hapo.

BintiPangani

Jingine, kaka. Walitolewa kwa Porta Fontebranda, Oktoba 1554. Liko bondeni, chini ya San Domenico, karibu na kisima kikubwa cha matofali chenye matao, na mtaa ule ndio aliozaliwa Katarina. Mwambie mama alikuwa juu yake kabisa alipokuwa anasali.

Usimteremshe kwa miguu kutoka San Domenico, mteremko ule ni mkali na utamwumiza. Mpande teksi kutoka stesheni mpaka maegesho ya Santa Caterina, nje kidogo ya lango. Kutoka hapo langoni ni karibu. Akishamaliza, hapo hapo kwenye maegesho kuna ngazi nyingine za umeme, zinapandisha mpaka karibu na Kanisa Kuu, asitembee mlima hata hatua moja.

Hakuna maandishi ya kusoma kule, na watalii ni wachache. Leteni kigoda. Jumamosi hiyo nina zamu ya asubuhi, natoka saa saba mchana, nitawakuta kisimani.